Halijahifadhiwa, Halihifadhiki, Halikuruhusiwa: Sarufi ya Kiswahili katika Utambuzi wa Hitilafu za Kuhifadhi Michoro ya Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inachunguza hitilafu zinazotokea pale ambapo programu ya uchoraji wa kihandisi, inayoendeshwa kwa msimbo badala ya mkono, inaposhindwa kuhifadhi mchoro. Hoja kuu ni kwamba ujumbe wa kawaida wa kompyuta hufumba sababu ya kushindwa, ilhali Kiswahili kina nyenzo za kisarufi, hususan unyambuaji wa vitenzi, viambishi vya njeo na vijenzi vya mahali, zinazotenganisha sababu hizo kwa uwazi. Kila umbo la kisarufi linaoanishwa na aina yake ya hitilafu pamoja na tiba yake. Mifano imefungamanishwa na kazi ya michoro ya viwanja katika mazingira ya mji wa Songea, mkoani Ruvuma.

1.0 Utangulizi

Programu za uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta zilianza kuenea baada ya AutoCAD kutolewa mwaka 1982. Katika miaka ya 1980 programu hiyo ilipata lugha yake ya msimbo, AutoLISP, na baadaye ikawezekana kuiendesha kutoka nje kwa VBA na, siku hizi, kwa Python kupitia mfumo wa COM. Kazi ambayo mchoraji angeifanya kwa siku nzima, kama vile kugawa ramani moja ya mtaa katika michoro midogo ya kila kiwanja, msimbo huimaliza kwa dakika chache.

Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama. Mchoraji anayehifadhi kwa mkono huona kisanduku cha maswali, husoma jina la faili na hutambua papo hapo iwapo jambo limekwenda kombo. Msimbo hauoni. Unapotoa amri ya kuhifadhi, jibu unalopata mara nyingi ni sentensi fupi ya Kiingereza isemayo kwamba tendo limeshindikana, au namba isiyo na maelezo, au ukimya mtupu.

Suala hili limezoeleka kuachiwa wataalamu wa kompyuta. Makala hii inalitazama kama suala la isimu, kwa kuwa ujumbe wa hitilafu ni usemi: una kiima, una kitenzi na una njeo. Msomaji asiyeweza kutambua nani ametenda, nini kimetendwa na lini, hawezi kuchagua tiba. Atajaribu hiki na kile, na pengine kufuta faili lililokuwa zima.

2.0 Usuli: Istilahi na Mazingira

2.1 Kitenzi "hifadhi"

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Kitenzi kilichopata mashiko katika programu za Kiswahili kwa tendo linalojadiliwa hapa ni "hifadhi".

Kitenzi hiki kina asili ya Kiarabu na kimebeba maana tatu zinazohusiana: kulinda kitu kisidhurike, kutunza kitu mahali maalumu, na kutia maneno moyoni, kama isemwavyo kwamba mwanafunzi amehifadhi Kurani. Maana ya tatu ina funzo la pekee. Aliyehifadhi hathibitishwi kwa kusema kwamba amehifadhi. Huthibitishwa kwa kusomeshwa bila kutazama msahafu. Funzo hilo litarejewa katika sehemu ya 5.0.

Kuhusu uundaji wa istilahi, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) kilitoa dira iliyowafaa wanaistilahi wengi. Juhudi za ukuzaji istilahi, hata hivyo, zimejikita zaidi katika nomino: faili, folda, diski, msimbo. Ujumbe wa hitilafu hauishi katika nomino. Kiini chake ni kitenzi, na hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo.

2.2 Mazingira ya Songea

Manispaa ya Songea inapanuka. Kata kama Ruhuwiko, Mjimwema, Msamala na Bombambili zinahitaji ramani za mipangomiji na michoro ya viwanja. Kabla ya mwaka 2018, mji huu ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Mwaka huo uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Muungano huo ulibadili mazingira ya kazi za kompyuta, ingawa kukatika kwa umeme kwa ghafla, popote kunapotokea, hubaki kuwa adui wa faili linaloandikwa.

AutoCAD haina toleo la Kiswahili. Hivyo kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na ujumbe wa hitilafu kwa Kiingereza cha kiufundi, wakati ambapo ana haraka na kazi ya mtu iko mezani. Linalotiwa hatarini ni mchoro wa kiwanja. Mchoro ukipotea, au ukibeba mipaka ya zamani, mwenye kiwanja ndiye anayelipa, ama kwa kusubiri ama kwa kugombana na jirani.

3.0 Uchambuzi

3.1 Kutendwa na kutendeka

Zingatiwe sentensi zifuatazo:

(1) a. Faili limehifadhiwa na programu.
    b. *Faili limehifadhika na programu.

(2) a. Faili halikuhifadhiwa.
    b. Faili halijahifadhiwa.
    c. Faili halihifadhiki.

Sentensi (1b) haikubaliki kwa kuwa kauli ya kutendeka, tofauti na ya kutendwa, haipokei mtendaji kwa kiunganishi "na". Kauli ya kutendwa humficha mtendaji lakini humwachia nafasi. Kauli ya kutendeka humwondoa kabisa na kuelekeza macho kwenye hali ya kitu chenyewe.

Katika (2), umbo (a) linafunga tukio katika wakati uliopita bila kueleza lolote zaidi. Hiyo ndiyo tafsiri nyepesi ya ujumbe wa kawaida wa kompyuta, na ndiyo isiyosaidia. Umbo (b) lina kiambishi "-ja-", ambacho hubeba matarajio kwamba tendo bado linaweza kukamilika. Umbo (c) linasema kwamba kitu hicho, kwa jinsi kilivyo, hakikubali kuhifadhiwa. Tofauti hizi tatu zinalingana na tofauti halisi katika mashine.

3.2 "Halijahifadhiwa": hitilafu za wakati

Msimbo unaoendesha AutoCAD kutoka nje hutuma maombi. Programu ikiwa bado inachora upya, inafungua faili jingine au ina amri isiyokamilika, hukataa kupokea ombi jipya. Namba inayoashiria kukataliwa huko katika COM ni 0x80010001, ambayo VBA huionyesha kama -2147418111. Watumiaji wengi huidhani kuwa ni alama ya kuharibika kwa faili, ilhali faili ni zima. Zamu yake haijafika.

Tiba ya hitilafu ya "-ja-" ni kusubiri na kurudia. Msimbo uulize kwanza iwapo programu imetulia, kwa kusoma sifa ya IsQuiescent au kigezo cha CMDACTIVE, usubiri sekunde chache, kisha ujaribu tena kwa idadi ya mara iliyowekewa kikomo.

Sura ya pili ya hitilafu hii ni ya mazungumzo yaliyokatika. Amri ya SAVEAS inapotolewa katika mstari wa amri na jina likawa tayari linatumika, programu huuliza iwapo faili la zamani libadilishwe, na jibu chaguomsingi ni hapana. Msimbo ambao haukuandaliwa jibu huendelea na maneno yake, na programu huyapokea maneno hayo kana kwamba ndiyo jibu. Ni kama mgeni anayebisha hodi kisha akaanza kueleza shida zake kabla ya kukaribishwa. Tiba ni kukagua kwanza iwapo faili lipo, na kuamua mapema iwapo libadilishwe au jina lingine litumike.

3.3 "Halihifadhiki": hitilafu za jina na umbo

Hapa kusubiri hakufai kitu. Jina lisilokubalika leo halitakubalika kesho. Windows hairuhusu alama tisa katika jina la faili: mikwaju yote miwili (/ na \), nukta mbili (:), kinyota (*), alama ya kuuliza (?), alama ya mtajo ("), alama mbili za pembe (< na >) na mstari wima (|). Baadhi ya alama hizo ndizo zinazopamba maandishi ya ofisi za Tanzania. Namba za kumbukumbu huandikwa kwa mikwaju. Tarehe huandikwa kwa mikwaju. Saa huandikwa kwa nukta mbili.

(3) Kitalu D/Kiwanja 47.dwg

Msimbo unaochukua anwani ya mchoro na kuifanya jina la faili hukwama katika (3), tena kwa namna ya kupotosha. Mkwaju husomwa kuwa mpaka wa folda. Kwa hiyo mashine hutafuta folda iitwayo "Kitalu D" na, isipoiona, hulalamikia njia isiyopatikana. Mtumiaji hushangaa, kwa sababu hakuwahi kutaja folda hiyo. Ujumbe unazungumzia mahali, ilhali kosa liko katika jina.

Kosa jingine linatokana na mkwaju wa kinyume ndani ya msimbo wenyewe. Katika AutoLISP na Python, alama hiyo hubadili maana ya herufi inayofuata.

(4) a. "C:\michoro2\nyumba.dwg"
    b. "C:\michoro2\ramani.dwg"
    c. "C:\michoro2\ujenzi.dwg"

Katika (4a), "\n" husomwa kuwa mstari mpya, na neno "nyumba" hubaki "yumba". Katika (4b), "\r" husomwa kuwa alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Katika (4c), Python 3 hukataa kuusoma msimbo wote, kwa kuwa "\u" hutarajiwa kufuatwa na tarakimu nne za msimbo wa herufi. Kiswahili, chenye nomino nyingi za ngeli ya N zinazoanza kwa "n" na nomino nyingi dhahania zinazoanza kwa "u", kimejaa maneno yanayoweza kunasa katika mtego huu. Tiba ni kurudufu mkwaju wa kinyume (\\) au kutumia mkwaju wa kawaida kati ya folda na folda. Hali kadhalika, ritifaa ya "ng'ombe" hukubalika katika jina la faili, lakini katika Python hukatisha maandishi yaliyozungushiwa alama moja za mtajo.

Urefu nao una mpaka. Kwa desturi, njia nzima ya faili katika Windows haizidi herufi 260. Folda zenye majina ya maelezo, moja ndani ya nyingine, hufikia mpaka huo upesi kuliko inavyodhaniwa.

Mwisho, kuna umbo la faili. Faili lililohifadhiwa kwa umbo la DWG la mwaka 2018 halifunguki katika AutoCAD ya mwaka 2010. Hapa tendo la kuhifadhi limefaulu kwa mtumaji na kushindikana kwa mpokeaji. Msimbo hauna budi kutaja umbo waziwazi, kwa mfano ac2010_dwg au ac2013_dwg, kwa kuzingatia programu iliyo mikononi mwa atakayeufungua mchoro.

3.4 "Halikuruhusiwa": hitilafu za mtendaji

Aina ya tatu inarejesha nafasi ya mtendaji. Jina ni sahihi, programu imetulia, lakini kuna aliyekataza: faili limewekwa kuwa la kusomwa tu, folda si ya mtumiaji huyo, au mtu mwingine amelifungua katika kompyuta nyingine. Kauli ya kutendwa bila "na" ndiyo kasoro ya ujumbe wa mashine hapa, kwa kuwa haimtaji aliyezuia.

Jina la mtendaji, hata hivyo, mara nyingi limeandikwa kando. AutoCAD inapofungua mchoro hutengeneza faili dogo lenye kiishio cha .dwl, linalobeba jina la mtumiaji na la kompyuta, na amri ya WHOHAS huyaonyesha. Ni vyema kuliangalia faili hilo kabla ya kulaumu msimbo. Ikumbukwe pia kwamba faili hilo huweza kubaki baada ya umeme kukatika, likimtaja mtendaji ambaye hayupo tena. Lisifutwe kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyeufungua mchoro huo.

3.5 "Lipo", "liko", "limo": hitilafu za mahali

Kiswahili hutenganisha mahali mahususi (-po), mahali pasipo dhahiri (-ko) na mahali pa ndani (-mo). Msimbo unaotaja jina tupu, bila njia kamili, huhifadhi katika folda ambayo programu inaitumia wakati huo. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu, na faili limehifadhiwa kweli. Lakini halipo pale linapotafutwa. Liko.

Tiba ni kutaja njia kamili kila mara, kisha kusoma sifa ya FullName baada ya kuhifadhi na kuilinganisha na njia iliyokusudiwa. Mchoro ambao haujawahi kuhifadhiwa hurudisha sifa hiyo ikiwa tupu, na huo ni ushahidi wa kutosha.

3.6 Ukimya

Kuna hitilafu isiyosema kitu, nayo husababishwa na mwandishi wa msimbo mwenyewe. Amri ya VBA ya On Error Resume Next huagiza mashine iruke kila kosa na kuendelea. Inafaa kwa mstari mmoja unaotarajiwa kushindwa na unaokaguliwa papo hapo. Ikiachwa itawale msimbo mzima, huugeuza kuwa shahidi aliyezibwa mdomo: mwishoni huandika kwamba kazi imekamilika, hata kama nusu ya michoro haikuhifadhiwa.

4.0 Mfano: Viwanja 120

Ichukuliwe, kwa ajili ya ufafanuzi, kwamba ramani ya mtaa mmoja ina viwanja 120, na msimbo unatakiwa kutoa mchoro wa kila kiwanja. Makosa yamezibwa mdomo, na msimbo umeruhusiwa kubadilisha faili lililopo bila kuuliza. Mwishoni unatangaza kwamba kazi imekamilika. Kwenye folda kuna mafaili 118.

Uchunguzi unaonyesha kwamba "Kiwanja 7a" na "Kiwanja 7A" ni viwanja viwili, lakini Windows kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina. La pili limefuta la kwanza. "Kiwanja 31/1", kilichomegwa kutoka kiwanja cha 31, hakikuhifadhika kwa sababu ya mkwaju. Hayo mawili yanaeleza upungufu wa mafaili mawili, na mkaguzi wa haraka angeishia hapo.

Lakini kuna kosa la tatu. Mchoro wa zamani wa "Kiwanja 58" ulikuwa umefunguliwa katika kompyuta nyingine, hivyo kuubadilisha hakukuruhusiwa. Faili lake limo kwenye folda na limehesabiwa kati ya yale 118, nalo lina mipaka ya kabla ya upimaji mpya. Kosa hili ndilo la hatari zaidi. Mwenye kiwanja cha 7a atarudi kuuliza mchoro wake uko wapi. Mwenye kiwanja cha 58 atapewa mchoro, atashukuru, na kwenda kusimika uzio mahali pasipo pake.

5.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huo, msimbo unaohifadhi michoro uzingatie hatua hizi kwa mfuatano:

(i) Jina. Alama zilizokatazwa zibadilishwe kuwa kistari. Majina yote yalinganishwe kwanza, bila kujali herufi kubwa na ndogo, ili yasigongane.

(ii) Mahali. Njia iwe kamili; folda ithibitishwe kuwa ipo na kwamba inaandikika, kwa kuandika faili dogo la majaribio na kulifuta.

(iii) Mtendaji. Sifa ya ReadOnly isomwe, na faili la .dwl litafutwe.

(iv) Wakati. Msimbo usubiri programu itulie, na urudie iwapo tu hitilafu ni ya wakati.

(v) Uthibitisho. Baada ya kuhifadhi, FullName ilinganishwe, na ukubwa wa faili na saa ya kuandikwa kwake zikaguliwe. Saa ndiyo ingemfichua "Kiwanja 58". Inapowezekana, baadhi ya michoro ifunguliwe upya na kusomwa.

(vi) Kumbukumbu. Kila kushindwa kuandikwe katika orodha, kwa jina la kiwanja na kwa sentensi yenye sababu.

Kuhusu hatua ya (vi), mapendekezo ya matini ni haya:

(5) a. Mchoro wa Kiwanja 12 haujahifadhiwa: programu ina kazi nyingine. Utajaribiwa tena.
    b. Mchoro wa Kiwanja 31/1 hauhifadhiki: jina lina mkwaju. Badilisha jina.
    c. Mchoro wa Kiwanja 58 haukuruhusiwa kuhifadhiwa: umefunguliwa katika kompyuta nyingine.
    d. Mchoro wa Kiwanja 90 umehifadhiwa, lakini haupo katika folda iliyotajwa.

Sentensi hizi hazihitaji toleo la Kiswahili la AutoCAD, kwa kuwa huandikwa ndani ya msimbo na mwenye msimbo. Programu yenyewe imeacha mlango huo wazi. Katika matoleo yake ya lugha mbalimbali, amri huwa na majina ya wenyeji, lakini kistari cha chini kikitangulizwa, kama katika _SAVEAS, jina la kimataifa hukubaliwa popote. Msimbo unaweza basi kuiamuru mashine kwa jina la kimataifa, na kuzungumza na mtumiaji kwa lugha yake.

Hatimaye, kwa kuwa umeme haumwarifu mtu kabla ya kukatika, kigezo cha SAVETIME, ambacho kwa kawaida huwekwa dakika 10, kinaweza kupunguzwa. Nakala zenye viishio vya .sv$ na .bak zisifutwe mpaka uthibitisho wa hatua ya (v) ukamilike.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hitilafu za kuhifadhi michoro kwa msimbo zinagawika kwa mistari ileile ambayo sarufi ya Kiswahili imekwisha kuichora. Kiambishi "-ja-" kinaita subira, kauli ya kutendeka inaita marekebisho ya kitu chenyewe, kauli ya kutendwa inaita swali la nani amezuia, na vijenzi vya mahali vinaita swali la wapi. Mwanafunzi anayefundishwa kuusoma ujumbe kwa maswali hayo manne hatarudia amri ileile mara kumi kwa jina lisilohifadhika, wala hatabadilisha jina zuri kwa sababu tu programu haijatulia.

Kwa wanaistilahi, changamoto iliyo mbele ni kutoka katika orodha za nomino na kuingia katika sentensi kamili za ujumbe, zikipimwa kwa iwapo msomaji anajua la kufanya baada ya kuzisoma. Kwa vyuo vya ufundi na ofisi za michoro, Songea na kwingineko, kipimo kiwe kile cha mwanafunzi wa chuoni: aliyehifadhi asomeshwe. Faili lisilofunguliwa na kukaguliwa lisihesabiwe kuwa limehifadhiwa.